Adui Naye Ana Jina: Utu wa Askari wa Upande wa Pili katika Riwaya ya Afterlives

Utangulizi

Fasihi ya vita ni kongwe kwetu. Tangu tendi za kale zinazosimulia vita vya mwanzo vya Uislamu, hadi utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi katika pwani ya Mrima (1888-1889), hadi utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera (1978-1979), msanii wa Kiswahili hakuacha kuyaimba mapambano. Katika tendi nyingi za namna hii adui amepewa kazi moja tu, nayo ni kushindwa. Hana mama anayemngojea. Haoni baridi usiku. Anaingia katika ubeti, anakatwa upanga, basi.

Makala haya yanakusudia kueleza nini maana ya kumtambua askari wa upande wa pili kuwa ni mtu, na vipi riwaya inaweza kuifanya kazi hiyo bila ya kugeuka hotuba. Mfano wangu ni Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja (1948) na mshindi wa Tunzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Suala la iwapo riwaya iliyoandikwa kwa Kiingereza ni yetu au si yetu naliweka kando. Limeshatulia saa nyingi za semina.

Msimamo wangu ni huu: huruma peke yake haitoshi. Adui anakuwa mtu pale anapopewa jina, lugha na kumbukumbu. Na utambuzi unaoishia kwa wakubwa wa pande mbili, huo ni urafiki wa tabaka, si utu.

Vita vya waungwana

Tuanze na historia, tena ya hapa hapa. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga mbele ya Mji Mkongwe, mashine zake zikitengenezwa. Mizinga ikalia. Mabaharia 38 wa Pegasus walikufa. Makaburi ya baadhi yao yapo Chapwani, kisiwa kidogo kaskazini ya mji, na yanatunzwa hadi leo. Königsberg nayo ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji, na Julai 1915 ikaishia huko huko. Mzinga wa manowari moja na mzinga wa nyengine umehifadhiwa Mombasa, maadui wawili mahali pamoja, na watalii wanapiga picha.

Mtu anaweza kusema: tazama, uadui umekwisha! Na ushahidi mwengine upo. Mwaka 1916 Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza, alimpelekea khabari adui yake, von Lettow-Vorbeck, kwamba Kaiser amemtunukia nishani. Mwaka 1929 Lettow-Vorbeck alialikwa London kula chakula pamoja na maofisa waliopigana naye. Hawa walitambuana, hapana shaka.

Lakini hebu tuulize suala la mwanafunzi mkorofi: na wapagazi je? Upande wa Waingereza peke yake, idadi inayotajwa sana ni wapagazi kiasi cha 95,000 waliokufa, wengi kwa maradhi, njaa na kuchoka. Dar es Salaam limebaki jina la Kariakoo, lililotokana na kambi ya kikosi chao. Unguja nako tunalo jina hilo hilo, na watoto wanabembea hapo Sikukuu. Tunayo pia Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, jumba lililofunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani baada ya vita hivyo. Amani imejengewa jumba. Mpagazi hana hata jiwe lenye jina lake. Kwa hivyo ule utambuzi wa London ulikuwa na mipaka: ulipita juu ya vichwa vya watu waliobeba masanduku ya risasi, wala haukuwagusa.

Adui anayesema lugha yako

Jambo la pili linahusu lugha. Askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walitumia Kiswahili, na wenzao wa King's African Rifles, upande wa Waingereza, walitumia Kiswahili pia. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba aliyekuwa kichakani ng'ambo ya mto aliweza kuyafahamu matusi yako, na dua yako pia. Mwaka 1917 Waingereza waliunda upya kikosi cha 6 cha KAR, na ndani yake waliwaingiza askari waliokuwa wa Wajerumani. Jana adui, leo mwenzako wa kula naye sahani moja. Kumbe "adui" katika vita vile lilikuwa neno la sare, si la mtu.

Hamza na Oberleutnant

Hapa ndipo riwaya inapoingia. Waliosoma Paradise (1994), au Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, wanakumbuka kwamba inamalizika kwa kijana Yusuf kuukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Afterlives ni kama inaendelea pale pale, ingawa kijana ni mwengine. Hamza anajiunga na jeshi kwa hiari, na ofisa mmoja wa Kijerumani anamchagua awe mtumishi wake. Anamfundisha Kijerumani. Anamzungumza kama mtu. Baadaye tunaelewa kwamba Hamza anamkumbusha ndugu yake mdogo aliyekufa kwa moto.

Msomaji mwepesi atasema: huu ndio utu! Mimi nasema tusiharakishe. Ofisa anamuona mtu ndani ya Hamza, lakini amri haibadiliki: vijiji vinaendelea kunyang'anywa chakula, wapagazi wanaendelea kuanguka njiani. Wema wake wenyewe ni hatari, kwa sababu unamfanya Hamza achukiwe na Feldwebel, na huyu ndiye anayekuja kumpiga upanga na kumwacha na kilema. Wema wa mkubwa kwa mdogo mmoja haukuivunja ngazi. Umempandisha mmoja kidato kimoja, kisha ngazi ikamponda.

Utambuzi wenye uzito zaidi unatoka chini kwenda juu. Hamza ndiye anayemchungua ofisa, anaiona khofu yake na upweke wake, na wala hadanganyiki kwamba wao ni sawa. Na tazama fani inavyosaidia maudhui. Huyu ofisa tunamjua zaidi kwa cheo chake, Oberleutnant. Hamza tunamjua kwa jina. Mwandishi amepindua ule utaratibu wa makaburi: safari hii asiyekuwa na jiwe ndiye mwenye jina.

Lugha inapinduliwa vilevile. Kijerumani alichofundishwa Hamza ni lugha ya amri na kiboko. Ofisa anamwachia kitabu chenye mashairi ya Schiller. Vita vikisha, Hamza anarudi pwani, anampenda Afiya, na anamtafsiria beti chache kwa Kiswahili. Lugha ya jeshi inakuwa barua ya mapenzi! Kwangu mimi hapa ndipo adui anapokuwa mtu kikweli. Hakuna aliyesamehewa kwa maneno, ila kitu kilichotoka mkononi mwa adui kimepata maisha mengine katika mkono wetu.

Je, kumtambua ni kumsamehe?

Wapo wenzetu wanaopinga. Wanasema ukimpa mkoloni utu umemuosha dhambi zake. Hoja hii si ndogo, na riwaya yenyewe inaijua. Ilyas, kaka yake Afiya, alipelekwa skuli na Mjerumani mmoja mwema, na kwa wema ule akaamini kwamba Wajerumani wote ni wema. Akaenda kuwapigania. Baadaye akahamia Ujerumani, na mwisho wake ni kufa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Kisa hiki kinatukumbusha mtu wa kweli, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyelitumikia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto na akafia kambini humo mwaka 1944. Kosa la Ilyas halikuwa kuuona utu wa Mjerumani yule. Kosa lake ni kuuchukua wema wa mtu mmoja akaufanya hati ya dola nzima.

Jibu langu kwa wapinzani ni fupi: mnyama hashitakiwi. Chui akila mbuzi hatumpeleki kwa kadhi. Ukimfanya adui kuwa shetani au mnyama, umemwondolea lawama, kwani anafanya kwa tabia yake. Ni mtu tu ndiye anayeweza kuulizwa: uliona, ulijua, kwa nini ulifanya? Basi kumtambua adui kuwa mtu hakumtoi kizimbani, ndiko kunakomtia.

Hitimisho

Tumeona kwamba utu wa adui katika fasihi haupimwi kwa machozi ya ofisa wala kwa maofisa wawili kupeana mikono baada ya vita. Unapimwa kwa kuuliza nani ana jina katika kazi ile na nani hana. Napendekeza tukichambua kazi yoyote ya vita, ziwe tendi za zamani au riwaya za sasa, tuwahesabu wasiotajwa: mpagazi, mpishi, mwanamke aliyenyang'anywa mtama, askari wa upande wa pili aliyeanguka katika mstari mmoja. Afterlives imempa jina mmoja wao. Bado makumi ya maelfu wanangoja, na wengine walikuwa wakisema Kiswahili hiki hiki tunachofanyia mtihani.