Gari la Kusafishia Vioo Dodoma: Anza na Maji

Watu wakinisimamisha kuniuliza kuhusu gari langu, swali la kwanza huwa bei ya pampu. La pili ni ile fimbo ndefu iliyofungwa juu ya keria. Maji nayatoa wapi, hakuna anayeuliza, na hilo ndilo swali lenyewe. Kwingine kusafisha vioo ni kazi ya sabuni na mkono mwepesi. Huku kwetu uwanda wa kati ni kazi ya maji, na kila kitu ndani ya gari hukaa pale ambapo maji yamekiruhusu kukaa.

Zamani biashara hii isingemlisha mtu hapa. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, lakini kwa miongo kadhaa mji ulibaki wa nyumba za chini, madirisha ya mbao au ya vioo vya luva ambavyo dada wa nyumbani alivifuta kwa gazeti. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii Serikali inahama kweli, ndipo mambo yalipogeuka. Aprili 2018 manispaa ikawa jiji, mwaka uliofuata Mji wa Serikali pale Mtumba ukazinduliwa, na tangu hapo majengo yanaota kila upande, mengi yamevikwa vioo kuanzia chini hadi juu. Wagogo, wenyeji wa hapa, walijenga tembe zenye madirisha madogo na machache, ndani kukawa na ubaridi hata saa nane mchana. Sisi tumejenga kuta za vioo zinazotazama jua la magharibi, kisha tukafunga viyoyozi. Silalamiki, ndipo ninapopata ugali wangu.

Adui wa kwanza ni vumbi. Mvua ya Dodoma kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ukame na upepo wa kusini-mashariki. Vumbi lenyewe si unga laini. Milima yetu ni ya itale, na itale ikisagika huacha chembe za kwatzi. Kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kioo cha dirisha kiko kwenye 5 na nusu hivi. Kwa hiyo anayepita na kitambaa kikavu kwenye kioo chenye vumbi anakikwaruza, na mikwaruzo hiyo haitoki. Kijana anayeanza kwangu hufundishwa hilo kabla ya kushika chochote: lowesha kwanza, vumbi literemke lenyewe, ndipo usugue.

Adui wa pili yuko ndani ya maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya jiji kwa miaka mingi imetoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Ni maji ya chini ya ardhi, yamekaa na miamba hadi yamebeba kalisi na magnesi. Mama yeyote wa Dodoma anayajua kwa ule ukoko mweupe ndani ya birika na kwa sabuni inayokataa kutoa povu. Ukiyamwaga kwenye kioo na kuyaacha yakauke, kila tone huacha duara jeupe. Kwenye hewa yetu kavu yanakauka kabla hujashuka ngazi. Umetoa vumbi, umeleta chokaa.

Njia za kukwepa ni mbili, na gari zuri hubeba zote. Ya kwanza ni ya mkono: ndoo, sponji ya mpini, maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, halafu raba ya kufutia, ile ambayo vijana wa sheli hufutia vioo vya magari. Raba ya shaba yenye umbo la herufi T, baba wa hizi tunazotumia leo, ilipewa hataza Marekani mwaka 1936. Aliyeibuni ni Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia, na umbo lake mpaka sasa halijabadilika sana. Ukifuta kwa raba maji yote yanaondoka kabla hayajakauka, hivyo chumvi haipati nafasi ya kukaa. Ndoo moja inaweza kumaliza vioo vya ghorofa nzima. Katika mji wenye mgao wa maji hilo si jambo dogo, na kwa vioo vya chini na vya ndani sioni kinachoishinda.

Njia ya pili ni fimbo ya brashi inayorefuka, yenye mpira wa maji ndani yake. Unasimama chini na kusugua dirisha la ghorofa ya tatu au ya nne bila kupanda popote. Raba haifiki huko, kwa hiyo kioo huachwa kijikaushe chenyewe. Ili kikauke bila alama, maji lazima yawe hayana chumvi kabisa. Kuna kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma madini yaliyoyeyuka. Bombani kwangu kinasoma mamia, na kwa fimbo ninataka sifuri, au angalau isivuke kumi.

Kuyafikisha huko ni kazi ya usiku, nyumbani, wala si ya kwenye gari. Maji hupita chujio la mchanga, kisha la mkaa wa kuondoa klorini, kwa sababu klorini huharibu utando unaofuata. Kisha husukumwa kwenye utando mwembamba unaozuia karibu chumvi yote, na mwisho hupita kwenye chupa ya resini inayonyakua kidogo kilichobaki. Wapo wanaoruka utando na kutegemea resini peke yake. Kwa maji laini inawezekana, ila kwa maji ya hapa resini huchoka upesi na faida yote inaishia kununua nyingine. Utando nao una gharama yake: kwa kila lita safi, lita moja au zaidi hutoka na chumvi maradufu. Yangu hayamwagwi, yanakwenda chooni na kudeki. Bustanini siyapeleki, mchicha hauyapendi. Msimu wa mvua nakinga maji ya bati, yasiyo na chumvi karibu yoyote, nikiacha ya dakika za mwanzo yaoshe paa kwanza. Miezi hiyo utando hupumzika.

Sasa gari. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hesabu hiyo ndogo ndiyo inayochagua gari. Kirikuu, Suzuki Carry ya cc 660, Wajapani waliitengeneza ibebe kilo 350 mwisho. Ukiweka Simtank la lita 300 na kulijaza, ukaongeza pampu, betri, ngazi na mpira wa maji wa mita mia, umeshapitiliza hata kabla ya ndoo kupanda. Kwa kirikuu usivuke lita 200. TownAce hubeba robo tatu ya tani, Hiace ya mizigo tani moja au zaidi kulingana na toleo. Mimi nimeishia kwenye Hiace, na sababu kubwa kuliko uzito ni vumbi: bodi imefungwa. Turubai la kirikuu halizuii kitu ukitoka mjini kwenda Mtumba nyuma ya lori la kokoto, utafika na vitambaa vyenye rangi ya barabara.

Tangi likae chini kabisa, mbele ya ekseli ya nyuma, likiegemea ukuta wa kutenganisha na viti. Likikaa mlangoni nyuma, pua ya gari inainuka na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Mikanda ya kukazia ifungwe kwenye vyuma vilivyochomelewa kwenye chesisi. Kamba ya katani niachie mimi ya kuanikia nguo. Tena tangi lililojaa nusu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu maji yanapata nafasi ya kukimbia: ukifunga breki ghafla kwenye tuta yanakusukuma mbele, ukikata kona yanakuvuta pembeni. Tafuta tangi lenye kuta za ndani, au weka madogo mawili badala ya moja kubwa. Rangi iwe nyeusi, maana jeupe likipigwa na jua ukoko wa kijani unaota ndani kabla wiki haijaisha.

Pampu ni ya volti 12, lita 5 kwa dakika inatosha kabisa. Ipe betri yake, tofauti na ya kuwashia gari, na weka fyuzi karibu na betri. Fimbo moja hunywa kama lita mbili kwa dakika, kwa hiyo lita 300 ni saa mbili na nusu za kazi, na hiyo ndiyo ratiba yako ya siku. Vifaa vya maji panga upande mmoja, vitambaa na raba upande mwingine ndani ya ndoo zenye vifuniko. Hiace za Japani zina mlango wa kuburuta upande wa kushoto, nasi tunaendesha kushoto, hivyo unachokitumia sana kikae hapo. Utakichukua ukiwa upande wa majengo, bila kuwapa mgongo bodaboda.

Kuna mama mmoja Ilazo, nyumba yake ya ghorofa moja, aliyeniita akiamini vioo vya upande wa bustani vimezeeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu viangalie, nimwite fundi avibadilishe?"

Kijana wa bustani alikuwa akimwagilia maua kila jioni, na maji yakirukia madirisha. Nikapitisha ukucha, ukakwama kwenye vidoa. Hiyo ni chokaa. Nikakoroga ndimu ya unga kwenye maji ya vuguvugu, nikapaka eneo la kiganja, nikasubiri kidogo, nikasugua na kusuuza. Maduara yakatoka, isipokuwa machache ya chini yaliyokuwa yameshakula kioo, na hayo nikamwambia wazi kwamba hayaondoki. Ndimu ya unga ninayo garini siku zote, lakini iangalie: inakula terazo, marumaru na fremu za aluminiamu ukiiacha ikae, kwa hiyo lowesha sakafu kwanza na suuza mara moja.

Madirisha ya kwetu yana jambo jingine ambalo video za Ulaya hazilionyeshi: nyavu za mbu, nondo, na reli za aluminiamu zilizojaa udongo. Ukianza na maji, udongo wa relini unakuwa tope na kushuka ukutani, na ukuta mweupe ukichafuka mwenye nyumba hatazami tena kioo. Brashi kavu na kifyonza vumbi kidogo vitangulie relini, nyavu zitolewe zioshwe chini. Kisha fuata kivuli: asubuhi upande wa magharibi, mchana wa mashariki.

Fimbo na umeme ni ndugu wabaya. Baadhi ya nyaya za mitaani ni za kilovolti 11 au 33, na fimbo iliyolowa ikiukaribia waya wa aina hiyo hutahitaji kuugusa. Tazama juu kabla ya kuirefusha, na kama nyaya zimepita karibu na ukuta, kataa kazi.

Makaratasi si mengi: jina la biashara BRELA, namba ya mlipa kodi TRA, leseni ya jiji, na usajili wa OSHA ukishakuwa na wafanyakazi. Zabuni za Serikali siku hizi hupitia mfumo wa NeST, na sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kikijipanga vizuri kinaweza kupata gari huko.

Ila usianze na gari. Nunua raba nzuri, ndoo mbili, sponji na kipimo cha chumvi, panda bodaboda, omba kazi ya maduka ya chini pale Makole au Majengo. Pima maji ya bomba lako mwezi wa ukame na tena wakati wa mvua. Namba utakazopata ndizo zitakazokuambia ununue kirikuu au Hiace, na kama fimbo unaihitaji kweli.