Kuungama na Kukiri: Watoto Walioshtakiwa Nchini Rwanda Baada ya 1994

Mkristo aungamapo mbele za Mungu hahitaji wakili. Mahakamani si hivyo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mambo hayo mawili, kuungama dhambi na kukiri kosa la jinai, yalivyokaribiana mno katika mashtaka ya vijana wa Rwanda, na kwa nini jambo hilo lamhusu mchungaji anayehudumu gerezani.

Mauaji ya kimbari yaliyoanza Aprili 1994 yaliwashirikisha hata watoto. Wako walioshikishwa panga na watu wazima wa nyumba zao, na wako waliofuata genge kwa kupenda kwao. Manusura waliowaona hawakuota ndoto. Vita vilipokwisha mwezi Julai, mahakimu wengi walikuwa wameuawa au wameikimbia nchi. Magereza yakafurika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 walikuwamo mahabusu zaidi ya laki moja, na miongoni mwao maelfu ambao siku ya kosa walikuwa hawajatimiza miaka 18. Wengi walikaa miaka bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Yafaa ieleweke kwamba sheria haikuwa kimya juu yao. Kanuni ya Adhabu ya 1977 iliweka umri wa kuwajibika kwa jinai kuwa miaka 14. Aliyekuwa chini ya hapo hakuweza kuhukumiwa. Baadhi ya watoto hao walihamishiwa kituo cha Gitagata. Aliyekuwa kati ya miaka 14 na 18 alishtakiwa, lakini mahali pa hukumu ya kifo au kifungo cha maisha alipewa kifungo cha miaka 10 hadi 20. Tena, tangu 1991 Rwanda ilikuwa imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao katika Ibara ya 40 wamtaka mtoto mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo, apewe msaada wa kujitetea, wala asilazimishwe kukiri.

Sheria maalumu ya mashtaka ya kimbari ilitolewa tarehe 30 Agosti 1996. Iliwagawa washtakiwa katika makundi manne, ikafungua njia ya kupunguziwa adhabu kwa atakayekiri. Kukiri huko kulikuwa na masharti: kueleza kinaganaga alichotenda, kuwataja alioshirikiana nao, na kuomba radhi. Sheria hiyo hiyo ilimpa mshtakiwa haki ya wakili, ila si kwa gharama ya serikali. Mashirika ya nje, kama Avocats Sans Frontières, yalileta mawakili wa kujitolea, nao hawakuwatosha wote. Wakati huohuo Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 kwa ajili ya Rwanda, mshtakiwa asiye na uwezo alilipiwa wakili. Hao walikuwa mawaziri, maofisa wa jeshi na wafanyabiashara. Kijana wa kijijini, ambaye pengine aliitii amri yao, alisimama peke yake.

Sasa tufikirie kijana huyo. Amekaa gerezani miaka minne pamoja na watu wazima. Anaambiwa kwamba akikiri atapata nafuu. Mhubiri naye anamwambia kwamba akiungama atapata amani. Masikioni mwake sauti hizo mbili ni moja. Hakuna aliyemwuliza swali la kwanza ambalo wakili yeyote angeuliza: ulikuwa na umri gani mwezi ule? Kama alikuwa na miaka 13, sheria haikuwa na shauri naye kamwe. Kama alikuwa na miaka 16, alikwisha kustahili nafuu kabla hajafungua kinywa. Kijana asiyejua hayo aweza kununua kwa maneno kitu ambacho tayari ni chake, na bei yake ni majina ya watu wengine, ya kweli au ya kubuni. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema kwamba aliye mkweli hahitaji mtetezi.

Luther, anapofafanua amri ya nane katika Katekisimu Kubwa, haanzi na masengenyo ya jirani. Aanza na mahakama, mahali ambapo maskini asiye na hatia huangamizwa na mashahidi wa uongo. Nikodemo naye alidai mtu asikilizwe kwanza ndipo ahukumiwe (Yn. 7:51). Hapa manusura hapotezi kitu. Aliyefiwa na watoto wote anastahili kuwajua waliowaua, na hukumu iliyojengwa juu ya ungamo la hofu humnyima hilo pia.

Tarehe 1 Januari 2003 ilitolewa amri ya kuwaachilia kwa muda wagonjwa, wazee, baadhi ya waliokiri, na waliokuwa watoto wakati wa kosa. Kisha mashauri mengi yalipelekwa gacaca, mabaraza ya wananchi yaliyofungwa rasmi Juni 2012 baada ya kusikiliza mashauri karibu milioni mbili. Humo mawakili hawakuwa na nafasi. Sheria ya mabaraza hayo iliendelea kuwapunguzia adhabu waliokuwa na miaka 14 hadi 18, lakini umri ulipaswa kuthibitishwa, naye mshtakiwa mwenyewe alikuwa sasa mtu mzima mwenye ndevu.

Hapo ndipo ofisi ya usharika inapoingia. Katika nchi ambako vita vimeteketeza kumbukumbu za serikali, kitabu cha ubatizo chaweza kuwa andiko pekee lenye tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto. Mchungaji anayeitwa gerezani na aanze hapo: aulize jina la usharika na la wazazi, aandike kwa mchungaji wa mahali pale, apate nakala yenye muhuri, aikabidhi kwa mwendesha mashtaka na kwa mtetezi kama yupo. Mazungumzo ya kuungama yafuate baadaye, faraghani, na yale yatakayosemwa humo yasipelekwe kwa mwendesha mashtaka.