Deni la tofali, na habari ya kufilisi kampuni



Wiki iliyopita jamaa yangu wa hapa Lisekese kanifuata kafe, anataka nimchapie barua. Kafyatua tofali 4,000 za saruji, kapeleka saiti, jengo limeshapigwa bati, hela hakuna. Saruji yenyewe alichukua mali kauli, na mwenye duka kila asubuhi anapita kwake "kumsalimia". Sasa kuna mtu kamdanganya: wapelekee ombi la kuwafilisi, wakisikia tu hilo neno watalipa siku hiyo hiyo. Nikamwambia kaka, kaa kwanza.

Tulianza kuangalia kama ni kampuni kweli. Huku kwetu chochote chenye muhuri na pikapu kinaitwa kampuni, lakini BRELA wanasajili kampuni na pia wanasajili majina ya biashara. Jina la biashara ni mtu yule yule kavaa koti jingine, deni ni lake, unamshtaki yeye. Kampuni ina madeni yake yenyewe, na mkurugenzi anaweza kuendelea kula kuku huku kampuni haina senti. Hii ya kwetu ni kampuni.

Sheria ya Makampuni ya 2002, iliyoanza kutumika Machi 2006, inasema Mahakama Kuu inaweza kuifilisi kampuni isiyoweza kulipa madeni yake. Njia mojawapo ya kuonyesha kwamba haiwezi: unaacha barua ya madai kwenye ofisi yake iliyosajiliwa (siyo kwa mlinzi wa saiti!), zinapita wiki tatu haijalipa, haijaweka dhamana, haijapatana na wewe. Wiki tatu tu! Ndiyo maana watu wanaikimbilia.

Ila mtego uko hapa: njia hii ni ya deni lisilo na ubishi. Kampuni ikija na ubishi wa maana, kwa mfano "tofali 900 hatukuzipokea", jaji wa ufilisi hatakaa kuhesabu tofali. Atakwambia nenda kafungue kesi ya madai, thibitisha kwanza. Ombi linatupwa, na gharama za wakili wao unaweza kubebeshwa wewe. Ubishi wa kutunga nao haufui dafu. Kama deni wamelikubali kwa maandishi, au wanabishia kipande tu, hapo mambo ni mengine.

Nikamuuliza, nani alisaini kupokea? Akatoa daftari la shule. Kurasa tatu zina saini ya mtunza stoo, jumla tofali 3,100. Ukurasa wa nne, zile 900, mweupe. Jioni ile mtunza stoo alikuwa ameshaondoka. Nilitamani kulia.

Mkitaka kuona ufilisi wenye ugomvi unavyorefuka, kumbukeni IPTL ya Tegeta, mtambo wa megawati 100. TANESCO waligomea gharama za ujenzi, na mwaka 2001 wasuluhishi wa ICSID wakazishusha kutoka dola milioni 163 hadi 127. Mwaka 2002 mbia mwenye asilimia 30, VIP Engineering, akaiomba Mahakama Kuu iifilisi kampuni kwa ugomvi na mbia mwenzake, Mechmar ya Malaysia. RITA wakateuliwa wafilisi wa muda Desemba 2008. Shauri likaja kuondolewa Septemba 2013. Miaka 11, na hao walikuwa na mawakili wa kumwaga! Ya Tegeta Escrow yaliyofuata mnayajua.

Halafu tuseme umeshinda, kampuni imefilisiwa. Benki inachukua ilichowekewa dhamana, gharama za mfilisi, kodi na mishahara vinatangulia, wewe wa tofali uko mkiani mnagawana makombo. Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi ya Uingereza, ilipoanguka Januari 2018 ilikuwa na taslimu pauni milioni 29 na madeni ya karibu bilioni 7. Wakandarasi wadogo na wauzaji waliokuwa wanaitegemea walikuwa kama 30,000.

Kuna na wimbo wa "halmashauri haijanilipa". Inawezekana ni kweli, lakini mkataba wako ni na mkandarasi, siyo halmashauri. Hajalipwa siyo sababu, labda mlikubaliana utalipwa akilipwa. Halmashauri yenyewe haifilisiwi. Kuishtaki ni notisi ya siku 90 kwanza, na tangu marekebisho ya 2020 lazima Mwanasheria Mkuu aunganishwe.

Basi neno kufilisi hatukuliandika. Barua inadai tofali 3,100 zenye saini, zilipwe sasa. Zile 900 tumezitenga kwenye aya yake. Sheria ya Ukomo inatoa miaka sita kwa madai ya mkataba, ila mwenye duka la saruji hana miaka sita. Nakala ilikwenda Mtwara kwa basi, na aliyeipeleka aliambiwa asirudi bila muhuri wa kupokea.

Juzi mkandarasi kapiga simu, mara ya kwanza baada ya miezi. Anafoka, hizo 900 mnazipata wapi? Za kwanza 3,100 hakuzigusa kabisa. Nikamwambia jamaa, mjibu kwa meseji, umuombe na yeye aandike.