Umri wa Binti Mbele ya Sheria ya Ndoa

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamtaka mwanamume awe ametimiza miaka 18 ndipo aoe, lakini inamruhusu mwanamke kuolewa akiwa na miaka 15. Kwa sababu maalumu, mahakama inaweza kuridhia hata ndoa ya mwenye miaka 14. Binti aliye chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi, kwanza baba. Kinga hiyo ni dhaifu mno, maana mara nyingi baba huyohuyo ndiye mpokea mahari.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kanuni ya Adhabu nayo inasema kumwingilia msichana wa umri huo ni ubakaji hata akiridhia, isipokuwa awe mke wa mtu huyo, ametimiza miaka 15 na hawajatengana. Cheti cha ndoa kinageuza jinai kuwa unyumba.

Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa mwanafunzi akakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Hatua hiyo ni njema, ila inamlinda aliye shuleni tu. Wapo mabinti wa Kanda ya Ziwa waliosimulia jinsi walivyoagizwa na wazazi wafeli makusudi mtihani wa darasa la saba: maswali wanayoyajua wayajibu kombo, ili wasichaguliwe kuingia kidato cha kwanza. Binti akishaitwa mhitimu, posa hupokelewa na ng'ombe huhesabiwa bila hofu ya polisi.

Mwanasheria Rebeca Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu, na Julai 2016 vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyohusu umri na ridhaa hiyo, vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Ilikata rufaa ikitetea mila na dini. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka ule ukapita, na mingine ikafuata, vifungu vikiwa vilevile.

Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha nafuu: wanawake wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya kutimiza miaka 18 walikuwa asilimia 31 katika utafiti wa 2015/16, na 29 katika ule wa 2022. Hata hivyo, marekebisho ya Sheria ya Ndoa hayana budi kufuta pia ule msamaha ulio katika Kanuni ya Adhabu, na kumhifadhia binti aliyekwisha kuozwa haki ya matunzo, mgawo wa mali na malezi ya wanawe ndoa hiyo inapobatilishwa.