Tabibu wa viungo naye huumia mgongo

WATU wengi humjua tabibu wa viungo kama mtu wa kuondoa maumivu. Ni wachache wanaofahamu kwamba kazi hiyohiyo humwachia yeye maumivu ya mgongo, shingo na vidole gumba.

Chukua mfano wa hospitali kuu ya Nakuru, iliyojulikana kwa miaka mingi kama PGH. Hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka sehemu nyingi za Bonde la Ufa, wakiwemo majeruhi wa ajali za barabarani. Mtu aliyevunjika nyonga, au aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, hawezi kugeuka kitandani peke yake. Ni lazima ainuliwe, aketishwe, kisha ashikiliwe anapojifunza kutembea upya.

Madhara hutokeaje? Tabibu anapoinama na kunyoosha mikono, uzito wa mgonjwa huwa mbali na mwili wake. Misuli ya mgongo hulazimika kukaza zaidi, na visahani vilivyo kati ya pingili hubanwa. Siku moja huenda asihisi lolote, lakini mambo yakirudiwa kwa miaka, mgongo huchakaa. Vidole gumba navyo huumizwa na kukanda na kubonyeza viungo.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2000 kuhusu matabibu wa jimbo la Victoria, Australia, ulionyesha kuwa 91 kati ya kila 100 walikuwa wamewahi kuumwa kutokana na kazi. Mmoja kati ya sita alihamia kitengo kingine au kuacha taaluma hiyo.

Ajabu ni kwamba hao ndio hutufundisha kuinama vizuri! Maana yake ni kwamba ujuzi pekee hautoshi. Mzigo wenyewe lazima upunguzwe. Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani wanapendekeza mtu asiinue kwa mikono zaidi ya kilo 16 za uzito wa mgonjwa. Nchini Kenya, sheria ya usalama kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo unaoweza kumdhuru.

Msomaji, hata wewe unayemuuguza mzazi nyumbani uko hatarini. Fanya hivi:

• Ita mtu wa kukusaidia.

• Msogelee mgonjwa na ukunje magoti.

• Mgeuze kwa kuvuta shuka iliyo chini yake.

• Usikubali akuning'inie shingoni.

• Maumivu yakianza, mwone daktari mapema. Aliye kazini amjulishe mwajiri wake.