Nguo za Idd na bei ya pamba

Ndugu zetu katika imani, mwaka 2019 bei ya pamba iliposhuka katika soko la dunia, wakulima wengi wa Bariadi na Simiyu kwa jumla walisubiri malipo yao kwa muda mrefu. Hata hivyo, Idd ilipowadia, tuliwaona wazazi wakikopa ili wawanunulie watoto fulana zenye nembo za kampuni za ng'ambo.

Aya ya 31 ya Suratul-A'raf inatuamrisha kujipamba tuendapo kuswali, na papo hapo inatukataza israfu. Sunna ya Idd ni kuvaa kilicho bora miongoni mwa tulivyo navyo. Nguo ya mwaka jana, ikifuliwa na kupigwa pasi, yatosha. Mtoto akiuliza, tumweleze hali ya nyumba kwa upole. Kukinai hufunzwa utotoni. Wallahu a'lam.