"Ikiwa" na "La Sivyo": Jinsi Kompyuta Inavyohesabu Ovataimu



Sisi wa Kwapa, huku mpakani baina ya Tororo na Busia, tukiuliza kwa nini ovataimu imepungua, hujibiwa: "Kompyuta ndiyo iliyosema." Jibu hilo hatulikubali. Kompyuta haisemi neno ambalo mtu hakuiandikia.

Siku hizi mara nyingi mshahara hauhesabiwi na mashine iliyo mezani kwa karani. Karani huingiza saa tu. Saa hizo husafiri hadi kwenye kompyuta kuu iitwayo seva, ambayo huenda iko Kampala au mbali zaidi, na huko ndiko hesabu hufanyika. Karani na kibarua huona jibu. Amri zenyewe hawazioni.

Amri hizo huandikwa kwa lugha za kompyuta kama PHP, ambayo Rasmus Lerdorf alianza kuitengeneza mwaka 1994. Inayotuhusu sisi ni amri ya sharti: "if", yaani ikiwa, na "else", yaani la sivyo. Katikati yaweza kuwekwa "elseif", yaani la sivyo, ikiwa. Seva husoma toka juu kwenda chini. Sharti la kwanza kutimia hutekelezwa, na yaliyo chini yake hayatazamwi tena.

Hapo ndipo pesa hupotea. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yasema saa zinazozidi 8 kwa siku zilipwe si chini ya mara moja na nusu siku za kawaida, na mara mbili siku za sikukuu zilizotangazwa rasmi. Sasa tazameni mwandishi wa programu akiandika hivi:

Ikiwa saa zimezidi 8, lipa ziada mara moja na nusu.
La sivyo, ikiwa ni sikukuu, lipa ziada mara mbili.

Viwango vyote viwili ni vya sheria. Lakini mpakiaji saruji aliyefanya saa 10 siku ya Mei Mosi atakwama mstari wa kwanza. Kama saa moja ni shilingi 1,000, kwa saa zake 2 za ziada atapata 3,000 badala ya 4,000. Dawa ni kuliweka swali la sikukuu ndani ya lile la saa: zikizidi 8, seva iulize kwanza kama ni sikukuu, ndipo ichague kiwango.

Alama nazo zina hila. Katika PHP alama = ikiwa moja huweka thamani; zikiwa mbili, ==, huuliza. Mwanagenzi akiandika moja pale anapouliza kama leo ni sikukuu, kila siku yaweza kuwa sikukuu. Kosa la namna hiyo, tunaamini, mwajiri huligundua kabla ya jioni.

Tena sharti huzeeka. Zamani NSSF ya Uganda iliwahusu waajiri wenye wafanyakazi 5 au zaidi. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 inamhusu kila mwajiri. Programu ambayo bado inauliza idadi yaweza kumwacha nje kibarua wa shamba dogo.

Kwa hiyo mwakilishi asiombe kufundishwa PHP. Aombe seva ijaribiwe mbele yake: saa 8 siku ya kawaida, kisha saa 9, kisha saa 10 siku ya sikukuu. Majibu hayo ayalinganishe na sheria, kisha na hati za mshahara za mwezi wa Mei.